Ukiganda Mbele ya Kamera, Hebu Soma Hii

Wiki hii dada mmoja ameniandikia ujumbe mrefu. Ni mwalimu, ana mengi ya kufundisha, lakini kila akianza kujirekodi midomo inakauka. Anafuta, anarudia, anafuta tena. Mwisho akaniuliza, "Mwenzetu, huo ujasiri ulizaliwa nao?" Nilicheka peke yangu.

Mimi ndiye yule ambaye bosi wake wa zamani alimwambia mbele ya wenzake, "Sauti unayo, ila sura yako si ya kamera." Watu wakaangua kicheko, nami nikacheka nao ili isionekane imenichoma. Tulikuwa tunaandaa video fupi ya kuitambulisha idara yetu. Maneno yote niliyaandika mimi, akapewa mwingine ayasome, na aliyasoma vibaya. Nasema hivyo bila wivu. Haya, wivu kidogo upo. Tangu siku hiyo nikawa mtu wa kushika kamera. Kwenye picha za pamoja nilijificha mstari wa nyuma, au nikajitolea kupiga mimi ili nisiwemo kabisa.

Kilichonitoa huko si maneno ya kutiana moyo, maana hayo nilikuwa nimeyasikia hadi nikayachoka. Ni siku niliyosoma kwamba sura ninayoiona kwenye kioo imegeuzwa, kushoto kumekuwa kulia, na ndiyo niliyoizoea maisha yangu yote. Picha inanionyesha kama wanavyoniona wengine, na kwa kuwa sijaizoea, naiona ina kasoro. Mwaka 1977 watafiti wa Marekani walionyesha wanawake picha zao za aina mbili, moja ikiwa imegeuzwa kama kwenye kioo na nyingine ikiwa ya kawaida. Wenyewe wengi walipenda ile ya kioo. Rafiki zao wakapenda ya kawaida. Yaani sura unayoikimbia ndiyo wanayoipenda wanaokupenda!

Halafu kuna umbali. Hesabu zilizochapishwa na wataalamu wa Marekani mwaka 2018 zilionyesha kuwa selfi ya umbali wa sentimita 30 hivi huifanya pua ionekane pana zaidi kwa karibu asilimia 30 kuliko picha ya kutoka mita moja na nusu. Pua niliyoinung'unikia miaka yote kumbe ilikuwa kazi ya mkono wangu mfupi. Nikaweka simu kwenye stendi, nikarudi nyuma, nikatumia kamera ya nyuma ambayo mara nyingi ina picha safi zaidi na hainipi nafasi ya kujitazama. Kama simu yako inakulazimisha kutumia ya mbele, funika kioo chake kwa karatasi, uache lenzi tu.

Na sauti? Ni yale yale. Ukiongea, unajisikia pia kupitia mifupa ya kichwa, ndiyo maana ukijisikiliza kwenye rekodi unajiona una sauti nyembamba. Wenzako wameizoea hiyo hiyo, na hakuna aliyewahi kukulalamikia.

Miezi ya mazoezi naivuka, haina hadithi. Unarekodi, unajitazama, unaona aibu, unalala, kesho unarudia.

Ila kuna jambo moja lazima niliseme, nalo ni kuwa na mtu wa kuongea naye. Kuongea na lenzi tupu kunamkausha yeyote. Mimi nilimkalisha mdogo wangu nyuma ya simu, nikawa namweleza yeye. Hana adabu ya kujifanya anasikiliza. Nikianza kuhutubia anapiga miayo, najua hapo pa kurudia. Asipokuwepo namfikiria, naanza na jina lake kimoyomoyo, kisha naongea. Usikariri neno kwa neno. Jua sentensi ya kwanza na ya mwisho, katikati mweleze mtu wako. Mweleze mtu wako, narudia.

Mwezi uliopita somo nililolirekodi lilisambaa kuliko nilivyotarajia. Miongoni mwa waliotuma pongezi alikuwemo yule bosi: "Hongera, nilijua unaweza." Alijua! Ujumbe ule niliukalia siku nzima, kisha nikamjibu, "Asante sana." Bila alama ya tabasamu.

Wapendwa, wangapi tumekabidhi nyuso zetu kwa neno la mtu mmoja aliyelisema na kulisahau kabla ya jioni? Wewe una ujuzi na una jambo la kuwafaa watu, halafu unanyamaza kwa sababu ya pua. Acheni hizo! Aliyesubiri aruhusiwe bado anasubiri, na mwenye maarifa nusu yako ameshapakia video ya tano. Jirekodi leo. Ikiwa mbaya, itunze, usiifute, maana ndiyo utakayoilinganisha na ya mwakani.

Wengi huniuliza kuhusu taa. Kwa kuanzia dirisha linatosha: lielekee, usilipe mgongo, la sivyo utatoka kivuli kitupu. Lenzi iwe usawa wa macho au juu kidogo tu. Kabla ya kuanza toa pumzi yote nje, mabega yashuke yenyewe. Na nguo ya mistari myembamba iache kabatini, kwenye video ile mistari inachezacheza hadi mtazamaji anasahau unachosema.