Moyo ukisimama: bado mgonjwa hupozwa?

SWALI: Nilijua kwamba mtu aliyezinduliwa baada ya moyo kusimama ghafla hupozwa mwili ili kuokoa ubongo. Sasa nasikia madaktari wameacha. Kwa nini?

JIBU: Majaribio ya 2002 yalionyesha faida ya kushusha joto hadi nyuzi 32–34. Lakini jaribio kubwa la TTM2 la 2021 lilipolinganisha nyuzi 33 na kuzuia homa tu, vifo havikutofautiana, na waliopozwa walipata zaidi mapigo yaliyovurugika kiasi cha kuyumbisha mzunguko wa damu. Ndiyo maana hospitali nyingi sasa hukazania kuzuia homa.

Kwetu, habari kubwa zaidi iko kwenye mashine ya kushtua moyo. Wapo ambao moyo huendelea kutetemeka hata baada ya kushtuliwa mara tatu. Jaribio la Kanada la 2022 liliwabadilishia njia: vibandiko vinavyopitisha umeme vikahamishwa, kimoja kifuani na kingine mgongoni, au mashine mbili zikashtua kwa kufuatana upesi. Walioruhusiwa kutoka hospitali wakiwa hai walikuwa asilimia 21.7 kwa kuhamisha vibandiko na 30.4 kwa mashine mbili, dhidi ya 13.3 kwa njia ya kawaida.

Yote hayo hayafui dafu kama kifua hakikukandamizwa mapema: mara 100–120 kwa dakika, kina cha sentimita 5 hadi 6. Kosa tunaloliona sana ni kuegemea kifua; kisipoinuka kikamilifu, moyo haujai damu. Pokezaneni kila dakika 2, hata kama hujachoka.