Rafu ya kabati iliyobonyea kwa uzito wa nguo

Pole dada kwa rafu ya kabati lako kubonyea; unauliza kama inatosha kuigeuza. Kwa ulivyoeleza, bomba la kutundikia henga limefungwa chini ya rafu ya juu, kwa hiyo rafu ndiyo inayobeba makoti yote, na chipbodi (ubao wa chembe za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi) haihimili mzigo wa namna hiyo. Ukiigeuza juu chini, itabonyea tena upande wa pili.

Toa nguo zote, uinyanyue rafu kwa kipande cha mbao mpaka inyooke. Tafuta mbao kavu ya inchi 2 kwa 1, ndefu sawa na rafu, uifunge chini ya ukingo wa mbele. Isimamishe kwa ubavu, upande wa inchi 2 ukiwa wima, usiilaze: ikisimama, ugumu wake ni mara nne ya ikiwa imelala. Paka gundi ya mbao, kisha skrubu za inchi moja na nusu kutoka juu, kila sentimita 20. Ncha zake zikalie vipande vya mbao vilivyofungwa kwenye kuta za kabati.

Toboa kwanza kwa keekee nyembamba, tafadhali. Kabati la mama nilianza bila kutoboa, na chipbodi ikamomonyoka pale pale, unga mtupu.

Halafu hamisha bomba, ulifunge kwenye kuta za pembeni. Mimi naona hili ndilo la maana zaidi, maana rafu itabaki na mashuka yake tu. Kabati likizidi mita moja, weka na nguzo katikati, kuanzia sakafu ya kabati hadi chini ya rafu.