Wimbo wa Kihispania kwa kwaya ya watoto: anza na mizani

Walimu wenzangu wa kwaya hapa Moshi huniuliza kwa nini nawatungia watoto nyimbo za Kihispania, lugha ambayo wengi wao hawaisikii popote. Ni kwa sababu mtoto anayeongea Kiswahili anaiimba vizuri kuliko mnavyodhani. Irabu ni zilezile tano zetu, na hazibadiliki hata nota ikiwa ndefu. Ñ ni ny ya nyota. J inakaribia kh ya kheri. Hata d ya neno "nada" hulainika kama dh ya dhahabu. Z ya "luz" huko Hispania ni th ya thamani, lakini Amerika ya Kusini ni s. Chagua matamshi ya upande mmoja na ushikamane nayo wimbo mzima.

Ila kinachonifurahisha kuliko vyote ni mizani, yaani hesabu ya silabi katika mstari. Mstari uliozoeleka tangu zamani katika nyimbo na mashairi ya watu wa Hispania una silabi 8, sawa kabisa na kipande kimoja cha shairi letu la mizani 16. Kama umewahi kutunga tarbia, shairi la mishororo minne kila ubeti, sikio unalo. Tazama mistari hii niliyoitunga kuhusu jua linalopanda mlimani na kuiamsha asubuhi:

Sube el sol a la montaña
y despierta la mañana.

Hesabu: su-beel-sol-a-la-mon-ta-ña. Irabu mbili zikikutana kati ya neno na neno, kwa kawaida huungana kuwa silabi moja. Sisi tumezoea kila irabu isimame yenyewe, kama katika saa na kuu, hivyo watoto watadai nota 3 kwenye "sube el". Wape 2. Waisome kwanza kwa makofi, bila melodi, mpaka ikae mdomoni.

Halafu mkazo, na hapa msiwe na haraka. Neno linaloishia na irabu, n au s hukazwa silabi ya pili kutoka mwisho, kama kwetu. Mengine hukazwa mwishoni, na yasiyofuata kanuni hubeba alama: canción, corazón. Silabi yenye mkazo ikae kwenye pigo lenye nguvu. Tuseme wimbo ni wa 2/4, yaani mapigo mawili mawili, la kwanza likiwa na nguvu, na kila silabi nusu pigo. Ukianza "su" kwenye pigo la kwanza, pigo la nguvu linalofuata litaiangukia "la", kineno kisicho na uzito wowote, na Mhispania atahisi mstari umejikwaa. Basi "su-beel" zitangulie kabla ya pigo la nguvu. Sasa "sol" na "ta" zimekaa mahali pake, na mstari wa pili unafuata vilevile: "pier", kisha "ña".

Maneno yanayofungwa na konsonanti, sol, mar, luz, watoto huyaongezea irabu: "soli". Nota ndefu zipe silabi zinazoishia na irabu. Pasipowezekana, irabu ishikiliwe mpaka mwisho na konsonanti ifungwe pamoja na mkono wako.

Kwa wadogo sitoki nje ya re iliyo juu kidogo ya do ya kati ya piano hadi la. Badala ya kuwashusha wengine alto, sauti ya chini, nagawanya kiitikio kiwe kanoni: kundi la pili linaingia nyuma ya la kwanza na melodi ileile.

Ukituma wimbo kwa kwaya ya Hispania, usitume d r m f s l t peke yake. Do yetu huhama kufuata ufunguo, yao haihami, na nota ya saba wanaiita si. Andika pia nota za mistari mitano.

Kabla ya kuwafundisha watoto, mtafute mzawa wa lugha hiyo. Wageni wa Kilimanjaro hupita mjini hapa kila msimu. Mrekodi kwa simu akisoma maneno tu, asiimbe. Akiimba atafuata melodi yako, nawe hutasikia mkazo wake unakaa wapi.