Usiweke Maiti Pale Mapenzi Yanapolala

SWALI: Shikamoo mwalimu. Ninaandika riwaya ya mapenzi na taharuki. Rukia, karani wa forodha katika Bandari ya Tanga, anagundua hati za mizigo zilizoghushiwa, na nahodha wa jahazi aitwaye Salimu anamsaidia kuwatafuta wahalifu. Sura nane za mwanzo zinakwenda mbio, lakini wakishaanza kupendana katika sura ya tisa, ambayo nimekuambatanishia, hadithi inalala. Mtu anayefundisha uandishi katika kundi la WhatsApp ameniambia nipunguze mapenzi, kisha kila baada ya sura mbili niweke maiti. Nifanye nini?
Msomaji, Pangani

JIBU: Marahaba, mwanangu. Maiti usiweke, na mapenzi usiyapunguze. Sura uliyoniletea inaonyesha kwamba kuunda wahusika unakujua, kwa hiyo nitashika jambo moja tu, lile ninalokutana nalo karibu katika kila mswada wa aina hii unaonifikia hapa Tanga. Ni imani kwamba mapenzi na hatari ni hadithi mbili zinazopokezana zamu, sura hii ya kufukuzana, sura ile ya kubembelezana. Mwandishi akishaamini hivyo, kila wapenzi wanapokaa pamoja hulazimika kuwasimamisha wahalifu nje hadi mazungumzo yaishe, na msomaji huona wazi kwamba hakuna linalotokea.

Katika riwaya ya mapenzi na taharuki, mambo yote mawili hutegemea swali lile lile: je, mtu huyu anaaminika? Kadiri Rukia anavyomkaribia Salimu ndivyo anavyozidi kuwa na cha kupoteza, na ndivyo siri anazozijua zinavyozidi kuwa mzigo. Kwa hiyo mapenzi yakiandikwa vizuri huiongeza hatari. Sura yako ya tisa imelala kwa sababu Salimu ameaminika mapema mno. Tangu wanapokiri kwamba wanapendana, hakuna ambacho yeye anamficha Rukia wala Rukia anamficha yeye, na hati za kughushi hazitajwi tena mpaka mwisho wa sura.

Chukua mazungumzo yao ya ufukweni, wanaposimuliana utoto wao, uyahamishie kwenye kivuko cha kutoka Pangani kwenda Bweni. Rukia awe na nakala ya hati ndani ya mkoba, na msomaji awe ameshajua kwamba jahazi lililotajwa humo ni la kaka yake Salimu, jambo ambalo Salimu mwenyewe halijui. Maneno yao usiyabadilishe sana. Salimu anaposimulia jinsi kaka yake alivyouza samaki ili amlipie ada ya shule, Rukia aubane mkoba kwapani. Naye Salimu, akidhani kwamba anaogopa maji, asogee amkinge na upepo. Hakuna bastola wala damu, na ng'ambo si mbali, lakini msomaji hataweza kukiweka kitabu chini, kwa sababu kila wema anaoutenda Salimu unamwongezea Rukia ugumu wa kusema kweli. Wakishuka Bweni watakuwa wamekaribiana zaidi kuliko walipopanda, na wakati huohuo hatari itakuwa imewasogelea.

Mwongozaji wa filamu Alfred Hitchcock alilieleza jambo hili kwa mfano wa bomu lililofichwa chini ya meza: likilipuka bila watazamaji kujua kwamba lilikuwapo, watashtuka kwa sekunde 15, lakini wakijua tangu mwanzo kwamba lipo, hata porojo za kawaida mezani zitawaweka roho juu kwa dakika 15. Huyo aliyekushauri uweke maiti anakupa zile sekunde 15 tu. Ukimfuata utalazimika kuua tena na tena, na kila kifo kitakuwa hafifu kuliko kilichotangulia, hadi msomaji asijali ni nani aliyebaki hai.

Ipo pia njia ya mkato ya kuwatenganisha wapenzi kwa kutoelewana ambako kungekwisha kwa kupiga simu moja: amemwona Salimu na mwanamke mwingine barabarani kule Ngamiani, anakimbia akilia, kumbe yule ni dada yake. Nasikitika kuona waandishi wenye kipaji wakifundishwa hila hii, kwani inamfanya mwanamke mwerevu, aliyeweza kubaini hati za kughushi, aonekane mjinga ghafla. Kinachowatenganisha wapenzi kiwe kile kile wanachokichunguza. Rukia amfiche Salimu hati kwa sababu ya maana, na Salimu akigundua, awe na haki kamili ya kukasirika.

Wengi wetu tumelelewa na hadithi za magazetini zinazokatwa kwa neno "itaendelea", na ustadi wake nauheshimu. Lakini siku hizi wapo wanaouchukua ule mkato wa mwisho peke yake na kuuza kwa jina la fomula. Unatuma pesa kwa simu, unaletewa orodha: busu sura ya tano, ugomvi sura ya kumi, siri kubwa sura ya ishirini, na mpenzi anageuka kuwa muuaji ukurasa wa mwisho bila dokezo hata moja kutangulia. Orodha hiyo hiyo anapewa anayeandika kuhusu wakulima wa mkonge Muheza na anayeandika kuhusu mabaharia, kwa sababu mtoaji hausomi mswada wa mtu yeyote. Nimewaona vijana wakifuta sura zao bora kabisa kwa kutii karatasi ya namna hiyo, kisha wakaacha kuandika wakidhani kwamba wamekosa kipaji. Kabla hujamlipa mtu, mpe sura moja tu, umwombe akuonyeshe mahali ambapo imani ya Rukia kwa Salimu inabadilika. Asiyeweza kukuonyesha, wala kukuambia wazi kwamba mahali hapo hapapo, usimpe mswada wako wala pesa yako, hata kundi lake likiwa na maelfu ya watu.