Mnyama akiwa na jua mgongoni: mwanga na lenzi za safari

Ndugu, umeuliza kwa nini wanyama wako wanatoka weusi tii jua likiwa nyuma yao, na ubebe lenzi gani safarini.

Kamera hupima mwanga wa fremu nzima. Anga ikiwa kali, inapunguza mwanga wote na mnyama anazama gizani. Ongeza fidia ya mwanga, ile mipangilio ya +/- ya kuiambia kamera iongeze au ipunguze mwanga: anza na +1, ikibidi fika +2, huku ukikagua masikio na ncha za manyoya. Ule uzi wa dhahabu unaozunguka mwili ndio uzuri wenyewe wa picha hizi, na ukizidisha unabaki weupe mtupu. Piga kwa RAW, yaani faili ghafi ya kamera isiyobanwa kama JPEG, maana giza la ubavuni utaliinua baadaye, lakini palipoungua kwa weupe haparudi.

Au mwache awe umbo jeusi mbele ya anga, jambo ninalolipenda zaidi. Punguza fidia hadi -1 au -2, kisha subiri ageuze kichwa, na miguu iachane. Twiga hupendeza sana hivi. Nyati aliyeinama huwa fungu jeusi tu.

Kinga ya jua ya lenzi, ile pete ya mbele inayozuia miale isipige kioo, usiivue kamwe.

Kuhusu lenzi, ningebeba 100-400mm ya kuvuta vilivyo mbali na 24-70mm ya vilivyo karibu na mandhari, basi. Ile ya 600mm f/4 (f/4 ni upana wa tundu la kupitisha mwanga) ni tamu kweli, ila ina kilo 3 hivi, na tembo akisogea karibu utapata jicho tu. Ukiwa na kamera ya pili, funga kila lenzi kwenye kamera yake, kwa sababu kubadilisha lenzi penye vumbi huchafua sensa, kile kipande cha ndani ya kamera kinachopokea mwanga.