Kilichoponya si msleep, ni kuchomoa umeme

SWALI: Mhandisi, habari za kazi. Nimeandika draiva ya Linux (programu inayoendesha kifaa) ya chipu ya ADS1115 inayopima kina cha maji kwenye matanki. Bodi ni Raspberry Pi, I2C (waya za kuongea na chipu) iko kHz 100, na chipu inapima mara 128 kwa sekunde, ikipiga intarapti (ishara ya kuishtua prosesa) kila kipimo kikiwa tayari. Nikiwasha upya kwa amri ya reboot, karibu mara moja kati ya saba keneli (kiini cha Linux) inaanguka kwa kosa la NULL pointer, yaani kutumia anwani tupu ya kumbukumbu. Wenzangu wakanishauri niweke msleep(200), yaani kusubiri milisekunde 200, mwanzoni mwa probe, sehemu ya draiva inayoandaa chipu. Niliweka, nikachomoa na kuchomeka umeme mara 50, haikuanguka hata mara moja. Sasa visanduku viko matankini na vinaanguka tena kila wochidogi (saa ya ulinzi inayowasha upya bodi iliyoganda) inapoviwasha upya. Niongeze iwe 500? Probe yangu inaanza na request_threaded_irq (kuomba intarapti), kisha inaandika rejista tatu za chipu (vihifadhi vya mipangilio yake), kisha kzalloc (kutenga kumbukumbu) ya bafa ambamo intarapti inaandika saa ya kipimo.

JIBU: Usiongeze. Hiyo 200 yenyewe itoe leo.

Soma tena swali lako. Kabla ya msleep ulikuwa unajaribu kwa reboot. Baada ya msleep ukajaribu kwa kuchomoa umeme. Umebadilisha vitu viwili kwa mpigo, sifa zote ukampa kimoja. ADS1115 ikikatiwa umeme huamka ikiwa imelala: haipimi wala haipigi intarapti mpaka uiamuru. Kwa reboot, au wochidogi ikiuma, prosesa inaanza upya lakini chipu bado ina umeme wake na inaendelea kupima kama ulivyoiacha, haina habari kwamba mwenye kuisikiliza amekufa na kufufuka. Ungechomoa umeme mara 50 bila msleep, ungepata matokeo yale yale.

Hata ile moja kati ya saba haikuja kwa bahati. Vipimo 128 kwa sekunde maana yake ni intarapti moja kila milisekunde 7.8. Kuandika rejista moja kwa kHz 100 ni baiti nne, kila baiti mapigo tisa, karibu milisekunde 0.37. Rejista tatu ni 1.1. Basi kuna milisekunde 1.1 ambapo mlango wa intarapti uko wazi na bafa bado haijazaliwa. Gawanya kwa 7.8, unapata moja kwa saba. Msleep mwanzoni mwa probe haipunguzi huo mwanya hata kidogo, inausogeza mbele tu, na huko mbele chipu bado inapiga.

Dawa ni mpangilio. Kwanza andika rejista ya usanidi kuilaza chipu. Kisha tenga bafa, andaa kufuli na kila kitu ambacho intarapti itagusa. Kisha ndipo uombe intarapti. Chipu iamriwe kupima mwisho kabisa. Usitegemee kuilaza wakati wa kuzima, kwa sababu wochidogi haiiti shutdown yako wala remove yako (sehemu za draiva za kuzima na kuondoa). Na ukiondoa draiva, mpangilio ugeuke: kama intarapti umeiomba kwa devm (keneli ikuachilie yenyewe), inaachiwa baada ya remove kumaliza, kwa hiyo ukifanya kfree (kuachia kumbukumbu) ya bafa ndani ya remove umefungua mwanya ule ule upande wa pili.

Kama unaitaka sana msleep, iweke mahali itakapokusema ukweli. Chukua draiva yako ya sasa, weka msleep(2000) kati ya request_threaded_irq na kzalloc, halafu reboot. Itaanguka kila mara. Hivyo ndivyo hitilafu ya kuwahiana (race condition) inavyotafutwa: unaupanua mwanya mpaka kosa lishindwe kujificha. Na usiitafute kwa printk (ujumbe wa keneli) kwenye waya wa serial, maana mstari wa herufi 80 kwa kasi ya 115200 unakula karibu milisekunde 7 na kuvuruga mwendo wote unaouchunguza. Tumia trace_printk, inaandika kwenye kumbukumbu tu.

Ushauri wa "weka delay kidogo" unanichosha, nao naukuta kila wiki. Kusubiri halali kupo, na kumeandikwa: karatasi ya ADS1115 inataka kama maikrosekunde 50 baada ya umeme kutulia kabla ya kuongea nayo. Hiyo ina sababu na ina kipimo. Anayekupa 200 muulize 200 ya nini, inasubiri tukio gani, na tukio hilo lisipofika itakuwaje. Akikosa jibu, anakubahatishia.

Nililetewa kisanduku cha kupima ubaridi wa tanki la maziwa. Ndani ya draiva moja nilikuta msleep sita, kila moja ya fundi wake, ndefu kuliko iliyotangulia, hakuna hata moja yenye maelezo ya sababu. Wochidogi iliwekwa sekunde 15 tangu bodi inapowaka. Walipobadilisha memori kadi kwa nyingine yenye kasi ndogo zaidi, muda wa kuwaka pamoja na hizo msleep ukavuka sekunde 15, na kisanduku kikashinda usiku kucha kinawaka na kujiua. Asubuhi maziwa yalimwagwa. Hapakuwa na kipimo hata kimoja cha joto la usiku ule. Niliondoa msleep zote sita, nikapanga probe upya, na kosa la asili lilikuwa kama lako: intarapti imeombwa kabla ya bafa.

Ukishapanga upya, usichomoe umeme kujaribu. Iache chipu inapima, andika reboot, hesabu mara mia. Halafu igandishe keneli makusudi ili wochidogi iume, uhesabu tena.