Ovadraivu kwenye amplifaya ya kisasa: ukali utoke wapi?

SWALI: Assalaamu alaykum fundi, shikamoo. Napiga gitaa la solo katika kikundi chetu hapa Wete. Kazi yetu kubwa ni taarab ya kisasa harusini, na mara nyengine dansi. Nina amplifaya ya transista ya wati 40 yenye chaneli mbili, moja safi na moja ya ukali, na juzi nimepata pedali ya ovadraivu (kifaa cha kukanyaga kinachotia ukali kwenye sauti ya gitaa), Ibanez Tube Screamer. Kila ninaposoma naambiwa nishushe draivu (nobu ya ukali) mpaka mwisho na nipandishe levo (nobu ya ukubwa wa sauti) ili pedali iisukume amplifaya. Nikifanya hivyo kwenye chaneli safi, sauti inakuwa kubwa tu, ukali haupo. Kwenye chaneli ya ukali inapiga mluzi, na nikiikanyaga wakati wa solo sisikiki juu ya kinanda. Tena ukumbini fundi mitambo huchomeka gitaa langu moja kwa moja kwenye miksa, na hapo ndipo linapolia kama nyuki ndani ya debe. Je, niiuze pedali hii? (Msomaji, Wete, Pemba)

JIBU: Waalaykumu salaam, marahaba mwanangu. Usiiuze. Pedali yako nzima, na ushauri uliousoma si wa uongo. Umeandikiwa amplifaya ya aina nyengine.

Tube Screamer ya kwanza, ile TS808, ilitoka mwishoni mwa miaka ya 1970. Wakati ule amplifaya nyingi za jukwaani zilikuwa za valvu, yaani mirija ya kioo badala ya transista, na nyingi hazikuwa na nobu ya masta, ile inayopunguza ukubwa wa mwisho bila kuondoa ukali. Chukua Marshall JTM45 iliyoanza kutengenezwa London mwaka 1962: kila chaneli ina nobu moja ya sauti, basi. Ukitaka ukali huna budi kuifungua mpaka valvu zianze kuelemewa, na hapo jirani wa mtaa wa pili anakusikia. Mpigaji aliifungua mpaka ikafika ukingoni, kisha akatia pedali mbele yake, draivu chini na levo juu. Pedali ilikuwa ikizidisha umeme unaoingia kwenye valvu ya kwanza, na ukali wote ukatoka kwenye valvu zenyewe.

Chaneli yako safi haikuundwa hivyo. Waliotengeneza saketi ile ya transista walitaka ibaki safi hata ukiijaza, na ikifika kikomo inakata vilele vya mawimbi ya sauti (kukatwa huko ndiko tunakokusikia kama ukali) ghafla, kwa sauti isiyopendeza. Unapoisukuma kwa levo hakuna kinachosukumika, unaongeza ukubwa tu. Hicho ndicho ulichokisikia, na sikio lako halikukudanganya.

Kwa hiyo kabla hujagusa nobu yoyote, amua ukali utoke wapi. Katika mtambo wa leo zipo sehemu tatu zinazoweza kuutoa: pedali, hatua za mwanzo za amplifaya (hapo ndipo geini ya chaneli ya ukali, yaani nobu ya kuzidisha, inapofanya kazi), na hatua ya mwisho inayoendesha spika. Chagua moja iwe ndiyo yenye kazi, nyengine ziisaidie. Wengi ninaowaona wanahangaika na pedali wameziacha zote tatu zikate mawimbi kwa pamoja, kila moja kidogo kidogo, na noti inayotoka haina mwanzo wala mwisho.

Kwa muziki unaoupiga wewe, mimi ningeanzia kwenye chaneli safi na kuiachia pedali kazi yote ya ukali. Nikitaja saa hapa, nobu ichukulie kama mkono mfupi wa saa ya ukutani: saa sita imeelekea juu wima, saa tatu kushoto, saa tisa kulia. Weka sauti ya amplifaya katika ukubwa utakaoupigia kweli, bila pedali. Kisha iwashe pedali, draivu baina ya saa saba na saa tisa, toni saa tano. Levo usiiweke kwa macho: piga noti moja, kanyaga, zima, kanyaga tena, mpaka ukubwa ulingane ikiwa imewashwa na ikiwa imezimwa. Halafu ipandishe kidogo tu.

Utahisi sauti imekonda. Hilo limo ndani ya saketi yenyewe. Kwenye Tube Screamer, dayodi zinazokata mawimbi zimewekwa katika njia inayorudisha umeme kutoka kwenye tokeo la opampu (chipu ya kuzidisha sauti), na mbele yake ipo kepasita inayoizuia pedali isizidishe besi. Chini ya takriban hezi 720 (mitetemo 720 kwa sekunde) uzidishaji unapungua kadiri unavyoshuka. Waya wako mnene ukiupigia wazi ni hezi 82, kwa hiyo sehemu kubwa ya unene wake hupita karibu bila kuguswa, na kinachokatwa hasa ni sauti za kati. Zaidi ya hapo, saketi ile daima huchanganya sauti safi ya gitaa pamoja na ile iliyokatwa, ndiyo maana ukigusa waya taratibu bado unasikia kidole chako. Mbele ya valvu zilizoelemewa wembamba ule ni neema, maana valvu zenyewe zina unene wa ziada. Mbele ya transista safi unabaki wembamba mtupu. Pandisha besi ya amplifaya hadi saa saba au saa nane. Midi, nobu ya sauti za kati, usiiguse. Najua vijana wengi huikata kwa sababu chumbani inapendeza, lakini kinanda na ngoma vikianza, midi ndiyo inayokutoa mbele.

Na marekebisho haya yafanye kwa ukubwa wa ukumbini. Tangu utafiti wa Fletcher na Munson wa 1933 inajulikana kwamba sauti ikiwa ndogo sikio husikia besi hafifu, na kwa kiasi fulani trebo (sauti za juu) pia. Ukipanga chumbani usiku huku watoto wamelala, utazidisha vyote viwili, na kesho yake ukumbini vitakurudia vyote.

Kama baada ya hapo bado unataka ukali zaidi kwenye chaneli safi, tafuta pedali ya distoshoni. Boss DS-1, ambayo ipo tangu 1978, na RAT ya ProCo zinakata mawimbi kwa dayodi zilizounganishwa na ardhi ya saketi, kwa hiyo hazichanganyi sauti safi kama yako na hazihitaji msaada wa amplifaya. Kwa mwenye amplifaya ya transista, mara nyingi hizo ni rahisi kuziweka kuliko ovadraivu.

Sasa chaneli ya ukali. Ndani yake mna hatua kadhaa za kuzidisha sauti zilizofuatana, na geini ya pedali inazidishwa nazo zote, pamoja na mvumo wa waya na mlio wa spika unaorudi kwenye pikapu (kinasa sauti cha gitaa). Mluzi unatoka hapo. Shusha geini ya amplifaya mpaka saa nne au tatu, na hapo ndipo ule ushauri wa mtandaoni unapokuwa sahihi: draivu sifuri, levo saa nane au tisa, toni saa sita. Lakini elewa unachokifanya. Hapo pedali haiongezi ukali mwingi. Inapunguza besi kabla haijafika kwenye hatua zinazokata, ili nyaya nene zisivurugike. Wapigaji wa metali, ile roki nzito, wanaitumia hivyo kila siku, kwa sababu wanapiga haraka kwenye nyaya za chini huku wameziziba kwa kiganja. Kwa taarab sioni haja.

Hili la kutosikika wakati wa solo linawasumbua wengi. Hatua inayokata mawimbi ikishajaa, vilele vyake haviwezi kupanda tena. Ukiisukuma zaidi unapata noti ndefu na ukali mzito, ukubwa haubadiliki. Wala wati nyingi si dawa: kuzidisha nguvu mara mbili kunakupa desibeli 3 tu, na sikio huhitaji kama desibeli 10 kuona sauti imekuwa mara mbili. Angalia nyuma ya amplifaya yako kama pana matundu mawili yaliyoandikwa sendi na ritani. Hiyo ni njia inayopita baada ya ukali na kabla ya hatua ya mwisho. Tia pedali ya kuongeza sauti safi, au ikwalaiza, baina ya matundu hayo, nayo itakupandisha kweli. Dilei na rivabu nazo zikae humo. Ovadraivu ibaki mbele, kati ya gitaa na amplifaya. Ikiwa matundu hayo hayapo, una njia ya bure: nobu ya sauti ya gitaa lenyewe. Panga ukubwa wa solo gitaa likiwa limefunguliwa lote, na unapomsindikiza mwimbaji lirudishe mpaka namba saba ya nobu. Kwenye chaneli safi yenye ovadraivu, utapata usafi na ukubwa kwa kidole kidogo tu, bila kukanyaga kitu.

Nikae kidogo kwenye taarab, kwa sababu ninaipenda na kwa sababu ovadraivu ndani yake inaharibiwa bure. Saketi inayokata mawimbi ikipokea noti mbili kwa pamoja hutoa pia noti ambazo hukuzipiga: jumla ya hizo mbili, na tofauti yake. Piga A ya hezi 220 pamoja na E ya hezi 330. Tofauti ni 110, nayo ni A ya chini, kwa hiyo inakaa vizuri. Sasa piga A hiyohiyo pamoja na C# ya hezi 277. Tofauti ni 57, sauti inayoelea baina ya A na A#, haimo katika wimbo wowote. Ongeza noti ya tatu na ya nne, uchafu unazidi. Ndiyo maana kodi kamili (noti kadhaa kwa pamoja) ikipigwa kwa ukali mwingi inasikika mbovu hata kama gitaa limetuniwa barabara. Rithimu ipigwe safi. Ukali uwe wa ile mistari ambayo gitaa linafuatana na fidla, noti moja moja. Hapo ovadraivu inatoa kitu adhimu: noti haifi mapema, inavutika kama iliyopigwa kwa upinde, na unaweza kuupinda waya taratibu kuitafuta robo toni ya Rast au Bayati, zile maqamu za Kiarabu. Kwa mistari hiyo unaweza kuishusha draivu hadi saa tano, inatosha, na usipinde nyaya mbili kwa pamoja.

Ama nyuki wa ukumbini, hao hawatoki kwenye pedali. Spika ya gitaa ya inchi 12 haitoi sauti zote. Ikipita hezi elfu tano hivi, huporomoka haraka, na hivyo ndivyo inavyotakiwa, maana kukata mawimbi huzalisha mikwaruzo mingi ya juu ambayo spika ile huizuia. Spika za ukumbini zina twita (spika ndogo ya sauti za juu) inayofika elfu kumi na tano na zaidi. Fundi mitambo akichomeka pedali yako kwenye miksa, mikwaruzo yote inatoka. Mwambie aweke maiki mbele ya spika ya amplifaya yako. Shure SM57, iliyopo tangu 1965, inatosha kabisa. Iwe karibu na kitambaa, ielekee baina ya katikati ya koni na ukingo wake. Ikielekea katikati sauti inakuwa kali, ikisogea ukingoni inalainika, na sentimita mbili tu zinabadilisha mambo. Maiki ikikosekana, tumia tundu la lain-auti (la kutolea sauti kwenda miksa) kama lako lina kichujio cha kuiga spika, au pedali ya kuiga kabati iwe ya mwisho kabisa. Miksa ya dijitali aghalabu ina kichujio cha kukata sauti za juu, naye akiweke kwenye elfu tano. Kuzungusha trebo ya miksa ya kawaida hakutoshi, kwa sababu nobu ile hufanya kazi juu zaidi, na mkwaruzo wa hezi elfu sita unabaki palepale.

Jambo moja ulichunge sana: tundu la spika la amplifaya lisiingizwe kamwe kwenye miksa. Umeme wake unaweza kuiua miksa. Na siku utakapopata amplifaya ya valvu, usiiwashe bila spika, transfoma yake ya mwisho inaweza kuungua. Ikiwa ni ya mtumba kutoka Marekani, soma nyuma kwanza: nyingi ni za volti 120, na umeme wetu ni 230.

Pedali yako inataka volti 9 za mkondo wa moja kwa moja, hasi ikiwa katikati ya plagi. Adapta ya ruta au ya redio inaweza kuingia vizuri kwenye tundu na bado ikawa na chanya katikati, kwa hiyo tazama mchoro ulio juu yake. Ikivuma, jaribu betri: mvumo ukiondoka, adapta ndiyo mbaya. Ukibaki, tafuta waya wa athi (unaoshuka ardhini) wa ukumbi, na usimruhusu mtu yeyote akate ile pini ya tatu ya plagi, ya athi, kwa sababu ya kunyamazisha mvumo. Mwisho, hewa yetu ina chumvi. Jeki ikikwaruza unapoitikisa, inyunyizie dawa ya kusafishia vifaa vya umeme, ichomeke na kuichomoa mara kadhaa, kisha iache ikauke kabla hujawasha.